Maji ya Nyuki Bondeni

Alhamisi, mwishoni mwa Oktoba. Kijijini, nje kidogo ya Kolo. Upepo tangu asubuhi, vumbi kwenye meno, mvua bado.

Ukame ukiendelea, sehemu ya msitu wa kijiji itakayoumia kwanza ni bondeni, si kilimani. Aliyesema hivyo asubuhi ya leo ni Dkt. Yusta, mtafiti wa misitu kutoka Dodoma, mbele ya kamati ya maliasili ya kijiji. Wajumbe walimsikiliza kwa adabu na hawakumwamini. Baadaye kidogo shangazi yangu Salima alizungumza, wakaamini. Kwa maneno hayo hayo shangazi aliitoa bondeni mizinga ya nyuki aliyoachiwa na marehemu mumewe.

Habari yenyewe ni hiyo. Nimeshaituma Dodoma, fupi, bila jina la shangazi. Hapa naandika yaliyobaki.

Nilikuja Jumatatu kwa basi la Babati, nikashuka Kolo, nikapanda pikipiki hadi kwa shangazi. Kazi ilikuwa moja, kufuatana na Dkt. Yusta anapotafuta jibu la swali ambalo likitamkwa linaonekana jepesi: misitu hii ya kaskazini mwa mkoa, jua likikaza, itaanza kufa wapi? Swali ni wapi. Habari za ukame nimeandika kwa miaka mingi, na karibu zote zilijibu kiasi gani. Magunia mangapi yamepotea, ng'ombe wangapi wamekufa, visima vingapi. Mahali ni swali gumu zaidi, kwa sababu ukishapajua mahali inabidi ufanye kitu.

Kijiji hiki kina walinzi wachache wa msitu na kinaweza kulinda vizuri upande mmoja tu. Kamati ilikuwa na mpango tayari: kufunga kilima, ng'ombe wasipande, watu wasikate, na mifugo yote iteremke bondeni kwenye kijani. Kila mtu aliona ni sawa.

Mimi pia niliona ni sawa.

Lazima nieleze kwa nini, maana msomaji wa Dodoma mjini anaweza kudhani hawa ni watu wasioona. Wanaona sana. Kondoa ni nchi iliyowahi kuchunika. Wazazi wetu waliona vilima vikiwa vyekundu kama kidonda, makorongo yakimeza mashamba, mpaka serikali ikaamuru ng'ombe waondoke ili ardhi ipone. Wengine wetu tulikua kwenye nyumba ambazo maziwa yalikwisha siku moja. Miti ikarudi. Tangu hapo, mtu wa hapa akitaka kujua nchi inaendeleaje anainua macho na kutazama kilima. Kilima kikiwa na nywele, tuko salama. Ni mafunzo ya vizazi viwili, na yalilipiwa.

Bonde halijawahi kumtisha mtu. Bonde lina mikuyu, lina kivuli, lina ukungu asubuhi. Nani amtazame mtoto aliyenenepa?

Jumanne Dkt. Yusta alinipandisha kilimani kwanza. Yeye ni Mgogo wa Mpwapwa, anatembea haraka na kuongea polepole, jambo linalomfanya mtu amfuate akihema huku akisubiri mwisho wa sentensi. Kule juu udongo ni haba na mawe ni mengi. Nilitegemea kukuta miti iliyokata tamaa. Nikakuta miyombo imetoa majani mapya, mekundu, mengine yakianza kugeuka kijani, na mvua haijanyesha hata tone.

"Hii imeshapukutisha majani yake ya zamani mapema," alisema. "Ikajifungia. Ikanywa ilichoweka akiba. Sasa inajiandaa. Mti wa kilimani unajua kulala njaa."

Kisha tukashuka bondeni. Baridi ya kivuli ikanipokea usoni na nikakiri moyoni kwamba ningekuwa mti ningechagua pale. Dkt. Yusta hakukaa kivulini. Alinichukua tukazunguka kwa nyuma, tukapanda jabali linalotazama bonde, moja ya yale majabali ambayo watalii wakiyaona huuliza kama yana michoro. Hili halina. Tukakaa juu yake na kuangalia vichwa vya miti kutoka juu.

Kutoka chini ni kijani. Kutoka juu, ncha za matawi zilikuwa kijivu. Si mti mmoja. Mkuyu mkubwa kuliko yote, ule ambao kijijini huuita mkuyu wa Issa kwa sababu marehemu mume wa shangazi alitundika mzinga wake wa kwanza hapo, ulikuwa na upara katikati ya utosi.

"Hakuna anayepanda hapa kutazama," alisema. "Watu hupita chini."

Hakuwa na uhakika bado, akaniomba nisiandike. Matawi makavu yanaweza kuwa ya wadudu, au ya uzee. Alitaka kupima majani. Kifaa chake ni kama kopo zito la chuma lenye mtungi wa hewa. Jani linachumwa, linafungiwa ndani, shina lake linachungulia nje, hewa inasukumwa taratibu mpaka tone la maji lijitokeze kwenye shina. Mti wenye kiu hautoi tone upesi, inabidi uulazimishe. Kazi hiyo hufanyika kabla jua halijatoka, mti ukiwa umepumzika na umekunywa usiku kucha. Ukiwa na kiu hata saa hiyo, basi ni kiu ya kweli.

Ndiyo maana jana, Jumatano, niliamka alfajiri. Shangazi hakuwepo kitandani. Nikadhani yuko uani anatawadha. Nikajitanda kitenge, nikaenda kumkuta Dkt. Yusta kwenye njia ya bondeni, na hatukwenda mbali kabla ya kukutana na mtu anapanda kutoka kule chini na ndoo tupu mkononi.

"Shikamoo mama," Dkt. Yusta akasema.

"Marahaba. Mnaiba majani ya watu saa hizi?"

"Tunaazima tu, mama. Na wewe je?"

"Nimetoka kunyoosha miguu."

"Na ndoo?"

"Nayo imenyooshwa."

Akapita. Shangazi yangu ni mwembamba, mrefu, na ana namna ya kutembea kama mtu ambaye amekwisha kuaga. Hatukuuliza zaidi.

Bondeni tulikuta maji. Yalikuwa kwenye vipande vya vibuyu vilivyokatwa nusu, kimoja chini ya kila mzinga, na mizinga yake bondeni ni minne. Ndani ya kila kibuyu kulikuwa na kokoto na vijiti vilivyolala juu ya maji ili nyuki wapate pa kusimama wasizame. Maji yalikuwa bado yanatikisika kidogo. Kidimbwi kilichokuwa chini ya mkuyu, ambamo nilikamata viluwiluwi nikiwa mdogo, kilikuwa udongo uliopasuka, na juu ya udongo huo majani yamelala safi kana kwamba hapajawahi kuwa na maji.

Dkt. Yusta alichuchumaa mbele ya kibuyu muda mrefu.

"Nyuki hawawekewi maji mahali penye maji," alisema.

Halafu akafanya kazi yake. Majani ya mkuyu yanasumbua, yana utomvu mweupe unaotangulia na kudanganya, kwa hiyo alikuwa anafuta, anasubiri, anafuta tena. Nilishika tochi. Mti ulikataa kutoa tone mpaka nikaanza kukihofia kile kifaa. Alirudia kwa mikuyu mingine, kisha tukakimbilia kilimani kuwahi jua, akapima miyombo michache, na ile ikatoa tone mapema. Sikuhitaji kuelezwa.

Hivi ndivyo alivyonieleza hata hivyo: miti ya bondeni imeota karibu na maji, ikatanua mizizi juujuu kwa sababu haikuwa na haja ya kuchimba. Haikujifunza kupukutisha, haikujifunza kusubiri. Maji yakishuka chini ya pale mizizi ilipozoea, haina mpango wa pili. Kilima kitaumia pia, lakini kitaumia kikijua.

Mchana nilimkuta shangazi jikoni, anasonga ugali wa uwele. Mlenda ulikuwa tayari. Nikakaa kwenye kigoda, nikasubiri asonge mpaka aridhike, maana mtu anayesonga ugali hahojiwi.

"Shangazi, kidimbwi kimekauka lini?"

"Mwaka juzi."

"Na maji unachota wapi?"

"Bombani. Kuna maji pengine?"

Kutoka bombani hadi bondeni ni mteremko mrefu wa mawe, na kurudi ni mlima. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akageuza ugali kwenye sahani, akauchonga pembeni kwa mwiko ukawa mviringo, akanawa mikono.

"Nikisema bonde ni kavu, mizinga inatoka. Mizinga ya Issa haitoki."

Alikuwa sahihi. Kijiji kina sheria ndogo: sehemu ya msitu ikitangazwa kavu, moto hauingizwi humo. Walina asali wa hapa hutumia mwenge wa nyasi, kwa hiyo mizinga nayo huhamishwa mpaka mvua irudi. Mume wa shangazi, Issa, alikuwa mlinaji. Alichonga mizinga ile mwenyewe na kuitundika mwenyewe. Amefariki miaka sita sasa. Hawakupata mtoto aliyeishi. Shangazi hulina asali kwa msaada wa majirani, huuza kidogo, hugawa nyingi.

"Usiandike," akasema.

"Siandiki."

Nina kanuni chache katika kazi na hii ni mojawapo: nilichoambiwa jikoni kama mtoto wa nyumba si habari mpaka mwenyewe aseme ni habari. Niliendelea kula. Lakini nilijua kesho yake kamati itakaa, Dkt. Yusta atasimama na vipimo vya asubuhi moja, na mtu pekee kijijini anayeweza kusema bonde limekuwa na kiu miaka miwili alikuwa amekaa mbele yangu analamba mlenda kidoleni.

Leo, basi.

Kamati ilikaa barazani kwenye ofisi ya kijiji, viti vya plastiki, upepo ukipeperusha kila karatasi mpaka mwenyekiti akaweka jiwe juu ya karatasi zake. Shangazi ni mjumbe, anawakilisha wafuga nyuki. Dkt. Yusta alieleza vizuri, kwa Kiswahili chepesi, bila maneno ya chuo. Alipomaliza, Mzee Hamisi, ambaye ana ng'ombe wengi kuliko mjumbe yeyote, akakohoa.

"Daktari, wewe ni binti yetu na ni mgeni wetu, kwa hiyo tunakusamehe mapema. Lakini hata mtoto wa darasa la pili ukimuuliza pakavu ni wapi, atanyoosha kidole kilimani."

Watu wakacheka. Dkt. Yusta akacheka pia.

"Atakuwa sahihi, mzee. Kilimani ni pakavu. Ila pamezoea."

"Na bondeni?"

"Bondeni hapajazoea."

"Umepima asubuhi moja."

"Asubuhi moja, ndiyo."

Alisema ukweli na ukweli ukamwangusha. Niliona wajumbe wakitulia kwenye viti kama watu waliokwisha kuamua. Ng'ombe wangeteremka bondeni wiki ijayo, wangekanyaga mizizi ile ya juujuu, watu wangechimba vidimbwi vya kunyweshea, na kile kidogo kilichobaki chini kingenywewa kwanza na ng'ombe. Nilikuwa na habari ya kubadilisha kikao kile mfukoni mwangu. Nilitazama viatu vyangu.

Mwenyekiti ni mtu wa haki. Akageuka.

"Mama Salima, wewe unashinda bondeni. Bonde lina kiu?"

Neno moja lingetosha. Angesema hapana, kila mtu angekwenda nyumbani akiwa na amani, mizinga ingebaki, mimi ningenyamaza maisha yangu yote na ningelala vizuri kwa sababu niliahidi.  Shangazi alikuwa anaikunja na kuikunjua ncha ya mtandio wake.

"Lina kiu," akasema. "Nabeba maji tangu mwaka juzi."

"Maji ya nini?"

"Ya nyuki. Kidimbwi kimekufa. Na mkuyu mkubwa haukuzaa mwaka huu. Nilijiambia umechoka. Hata watu huchoka."

Mzee Hamisi akainama mbele. "Tangu mwaka juzi, mama, na husemi?"

"Ningesema, ungenibebea ndoo?"

Walicheka, Mzee Hamisi wa kwanza, lakini kicheko hakikudumu. Mwenyekiti alisubiri kiishe. Kisha akamkumbusha, kwa sauti ya chini kana kwamba wako wawili tu, kwamba kuna sheria ndogo.

"Naijua," shangazi akasema. "Niliinyooshea mkono."

Wakabadilisha mpango pale pale. Bonde litafungwa kwa ng'ombe, kwa wachimbaji wa vidimbwi na kwa moto. Ng'ombe watanyweshwa kwenye birika la bombani kwa zamu, Mzee Hamisi akinung'unika na kukubali. Mizinga ya bondeni itahamishiwa kilimani kwenye miyombo. Mkutano mkuu wa kijiji utaulizwa.

Sijui kama nimewahi kumwona mtu akitoa ushahidi dhidi ya nafsi yake kwa sauti tulivu vile, na nimekaa mahakama nyingi.

Kulikuwa na jambo moja la kushughulikia. Kwa ukoo wa Issa, mzinga uliotundikwa na marehemu hauguswi wala kuhamishwa na mtu yeyote tu. Ndugu zake wa damu wamekwisha. Kwa hiyo anaitwa mtani. Mtani ndiye aliyeruhusiwa kumtania maiti msibani wakati sisi tunalia, na ndiye anayeruhusiwa kugusa vitu vya marehemu bila kuonekana mkosa adabu, kwa sababu kukosa adabu ndiyo kazi yake. Mtani wa Issa ni Bakari, mfanyabiashara wa mahindi, mnene, ambaye kwa bahati alikuwa Kondoa mjini akishusha mzigo alioutoa Kibaigwa. Shangazi alimpigia simu mwenyewe. Alasiri akaja, na kamba ya katani begani, akaanza kupiga kelele kabla hajafika chini ya mkuyu.

"Issa! Toka! Nimekuja kukuhamisha, umekaa kwenye mti wa watu muda mrefu kama nyani!"

Shangazi alikuwa amesimama kando, mikono nyuma.

"Shemeji, pole. Huyu bwana alikuwa mvivu hata kufa. Ametuachia kazi zote. Nyuki wanauma, mke anauma, nimguse nani?"

"Panda mti wewe, mwizi wa kuku."

"Kuku walinifuata wenyewe. Walikuwa wamechoka na njaa ya nyumba hii."

Akapanda. Sikuamini mpaka nilipoona, mtu wa mwili ule akikanyaga mkuyu kama ngazi ya nyumba yake, akimtukana marehemu kwa kila tawi. Mizinga mitatu ina nyuki na haihamishwi mchana, inahamishwa jioni wakitulia. Lakini huu wa kwanza, mkubwa, ulio juu kabisa, shangazi alisema unaweza kushushwa sasa.

Bakari akasimama karibu nao, akatega sikio, akaugonga kwa kidole.

"Shemeji. Humu mna nyuki?"

"Hamna."

"Wameondoka lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

Bakari akaishusha kamba begani. Alifunga kamba pande mbili, akauteremsha polepole, tukaupokea Dkt. Yusta na mimi. Ulikuwa mwepesi. Harufu ya nta ilikuwa bado imo. Mlangoni mwake, mahali nyuki walipokuwa wakiingia, mbao ilikuwa imelainika na kung'aa kwa kupitiwa.

Nikatazama chini. Kibuyu kilikuwa pale, chini ya ule mzinga mtupu, kokoto zake na vijiti vyake, kimejaa maji ya asubuhi ya leo.

Shangazi aliona ninachotazama.

"Nilisema wakirudi wasikute pakavu," akasema.

 Kutoka juu ya mti Bakari alisafisha koo lake, akasema Issa siku zote alikuwa anachelewa nyumbani, labda nyuki wamejifunza kwake, na shangazi akacheka kwa mara ya kwanza leo, kicheko kifupi cha puani, akajifuta macho kwa mtandio. Nadhani ndiyo sababu watani wapo. Mimi nisingeweza kusema kitu pale ambacho kisingeharibu.

Tuliubeba mzinga hadi uani kwake. Uko hapo sasa ninapoandika, umeegemezwa ukutani, chini ya dirisha.

Sipendi mifano. Mti ni mti na mtu ni mtu, na mwandishi anayevichanganya huwa amekosa habari. Lakini naandika hili kwa sababu limenikaa tangu jana na hapa ndipo mahali pake.

Mama yangu, wifi yake Salima, anaishi nami Ipagala. Ana sukari, ana presha, ana moyo. Ukoo mzima unamtazama mama. Simu za jioni ni zake: amelala vipi, amekula nini, dawa zimeisha? Anaamka kila siku, analalamika, anakunywa uji wake, anaendelea. Amezoea kuugua na sisi tumezoea kumlinda. Shangazi hajawahi kuugua. Shangazi ni mzima. Akipigiwa simu husema mimi mzima, nipe habari za mgonjwa, nasi tunampa. Yuko peke yake na mlima wa mawe na ndoo kila alfajiri, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua, kwa sababu ukimtazama kutoka chini ni kijani.

Tumekuwa tunatazama kilima.

Jioni hii mama alinipigia yeye. Kama kawaida akauliza, Salima hajambo? Na kama kawaida jibu lilikuwa tayari mdomoni. Nikalizuia.

"Sijui, mama," nikasema. "Ngoja nimuulize."

Tulikula ugali uliobaki na maziwa ya mgando. Halafu nikamuuliza shangazi anaendeleaje.

"Mimi mzima."

Nilifanya kama Dkt. Yusta na jani la mkuyu. Nikaacha lile la kwanza lipite, nikasubiri.

Akakusanya vyombo. Akavirudisha chini.

"Magoti," akasema.

Nikasubiri tena.

"Na nyumba ikinyamaza. Asubuhi si mbaya, asubuhi nina kazi."

Sikumwambia aje Dodoma. Angekataa, na angekuwa na haki, na mti wa miaka yake hauhamishwi kama mzinga. Nilimuuliza tu kama naweza kumpigia simu jioni, yeye kwanza, kabla ya kuuliza habari za mtu mwingine yeyote. Akasema nikipenda. Kwa shangazi hiyo ni hotuba ndefu.

Dkt. Yusta ameondoka na basi la mwisho. Atarudi kabla ya mvua kupima miti ile ile, alfajiri ile ile, ili safari nyingine asiambiwe ni asubuhi moja. Mkutano mkuu wa kijiji ni Jumatatu, saa nne, uwanja wa shule. Bakari anakuja Jumamosi magharibi kuhamisha mizinga mitatu iliyobaki, na ameagiza apikiwe kuku, wa halali safari hii.

Basi langu lilikuwa kesho. Nimeliahirisha mpaka baada ya mkutano. Mhariri nimemwambia nafuatilia, na ni kweli.

Mpaka Jumamosi nyuki wa mizinga ile mitatu bado wanakunywa bondeni. Nimeazima ndoo ya pili kwa jirani. Nimeiweka mlangoni, kando ya ile ya shangazi.